Mwanya wa Ukubwani

Jumatano, katikati ya Januari 1996. Shaabani yaishia.

Joto la kaskazi limeingia nyumbani na limekataa kutoka. Magharibi nimeshasali, nimekaa chini ya dirisha la ujiani, na mdomo wanichoma upande mmoja pale chuma cha daktari kilipopita. Sina raha hata kidogo. Naandika ili nisilie mbele ya wifi yangu Maryamu, kwa sababu yeye akiniona nalia hulia kunishinda, halafu inakuwa kazi yangu mimi kumbembeleza.

Basi nianze na habari yenyewe, nisizunguke mbuyu.

Kesho asubuhi nang'olewa meno mawili ya mbele, ya juu.

Si magego, ambayo mtu hung'olewa akarudi kupika na hakuna ajuaye. Ni yale mawili ya katikati, yanayoonekana mtu afunguapo kinywa kuitikia salamu. Nina miaka arobaini na tisa. Tangu nizaliwe sijakesha kwa jino, na nilikuwa nikiwacheka wanaofunga mashavu kwa leso.

Wanaonijua wanajua kwa nini hayo mawili yaniuma moyo kuliko yote. Mimi nasomesha wanawake wazima Kurani hapa hapa nyumbani, Mji wa Kale, kila siku baada ya alasiri. Wengine walipita chuoni utotoni wakatoka na herufi mbovu, wengine hawakupita kabisa. Kazi yangu ni kuzinyoosha herufi. Thaa, dhali, dhaa: ncha ya ulimi yatoka kidogo, yagusa makali ya meno ya juu ya mbele, pumzi yapita hapo. Faa nayo ni meno hayo hayo na mdomo wa chini. Mamangu alinifundisha hivyo juu ya busati hili nililokalia, naye alikuwa mkali, na mimi nimeurithi ukali wote bila kubakisha. Nimepata kumrudisha mtu herufi moja mpaka adhana ikamwokoa. Na kila Ramadhani wanawake wa mtaa hujaa humu ndani, mimi nasoma, wao wafuatisha kwenye misahafu, juzuu kwa siku, mpaka twahitimu. Ramadhani ni wiki ijayo.

Ni ya kwanza bila mume wangu.

Athmani alifariki mwezi wa Maulidi. Alikuwa karani wa bohari kule Liwatoni, akishinda kwenye mizani ya samaki. Asubuhi alitoka mzima, adhuhuri wakamrudisha wenzake. Sitaki kuyaandika ya siku ile. Nataka kuandika ya jioni zake, kwa sababu leo nimeambiwa jambo kuhusu jioni hizo na silipatii mahali pa kuliweka.

Kila jioni baada ya isha alikuwa akinikunjia tambuu. Kwanza ataosha mikono kwa ndimu mara kadhaa, aondoe harufu ya samaki, kisha ataketi na kijaluba chake, kile kikopo cha tambuu. Jani, chokaa kidogo, katu, popoo aliyoikata nyembamba kwa mkasi wake mwenyewe, tumbaku kiduchu, iliki moja. Atakunja, atanipa mdomoni kwa mkono wake. Hakuwahi kuniacha nijikunjie. Maryamu, ambaye ni dadake na twakaa naye nyumba moja, alikuwa akitucheka: "Tazama watu wazima hawa, walishana kama ndege." Tukamwacha acheke. Miaka yote tuliyokaa pamoja, jioni ambazo sikulishwa tambuu na Athmani zahesabika.

Na kuna hili la mwanya.

Miaka mitatu minne iliyopita, meno yangu mawili ya mbele yalianza kuachana. Sikuzaliwa na mwanya. Utotoni niliwaonea kijicho wasichana waliokuwa nao, maana kwetu hapa mwenye mwanya hata akinuna ni mzuri. Basi ukubwani, nywele zishaanza mvi, ukanijia. Athmani ndiye aliyeuona wa kwanza. Alifurahi, masikini! "Wenzio huzaliwa nao," akaniambia, "wewe umeletewa mlangoni." Arusini wanawake wakanishika kidevu, "Hebu cheka tuuone." Nami nikacheka. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, nikaringia mwanya. Nikawa siufuniki mdomo kwa ushungi nichekapo, jambo ambalo mamangu angenifinya kwalo.

Athmani alipokufa nikaingia eda, na kwenye eda nikaacha vya kujipambia: wanja, hina, mafuta ya uturi. Na tambuu pia, kwa sababu tambuu ni pambo la mdomo, na kwa sababu aliyekuwa akinikunjia hayupo. Wiki ikapita sijatia jani kinywani. Nikawa nasukutua kwa udhu, nikitema kwenye beseni jeupe, maji yatoka mekundu.

Nikasema ni rangi iliyobaki. Wiki nyingine ikapita, bado mekundu.

Hapo nilijua, moyoni nilijua. Ile nyekundu haikuwa tambuu. Na pengine kwa miaka haikuwa tambuu peke yake, ila nani angetambua? Kila nilipotema palikuwa pekundu, na pekundu ndipo pangekuwa.

Maryamu akaja na tafsiri yake. "Huzuni hiyo, wifi. Damu yatafuta pa kutokea." Akaniletea unga wa mkaa na chumvi nisugue kwa kidole, akaniletea karafuu. Mswaki nikauweka kando, kwa kuwa kila nilipoutia damu ilizidi, na nikaona ni vyema fizi zipumzike. Kwenda kwa daktari sikwenda. Watu watadhani ni kwa sababu ya eda, na mimi nikawaachia wadhani hivyo, lakini mimi ni mwalimu na najua kuwa mgonjwa aliye edani si kwamba aruhusiwa tu kutoka kutibiwa, bali hulaumiwa asipotoka. Sikwenda kwa sababu haikuniuma. Niliyekuwa naumwa na jambo kubwa vile ningekwenda kusema nini kwa daktari? Kwamba natema mate mekundu?

Eda ikaisha, darsa likarudi. Juma lililopita nilikuwa nawaonyesha dhaa, ulimi ukagusa jino, na jino likasogea.

Likasogea, wallahi, kama kigingi kwenye mchanga. Nikafunga kinywa. Zuhura, mwanafunzi wangu wa Bondeni, akaniona na akainamisha uso kwa heshima. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Leo asubuhi nimekwenda. Daktari wa meno ana chumba juu ya duka la vitambaa, si mbali na kwa kina Zuhura. Ni msichana wa Kigiriama, ana sura ya mtoto, nikamwona nikataka kurudi nyumbani. Akaniamkia, "Shikamoo mama," akaniketisha, akavaa glavu, na nikaona ana mkono mwepesi, basi nikafungua kinywa. Alichukua chuma chembamba chenye alama akakipitisha baina ya fizi na jino, taratibu. Nyuma huku kiligota mapema. Mbele kikazama. Mimi mwenyewe nilikisikia kikizama.

"Mwanya huu ulizaliwa nao, mama?"

"La," nikamjibu, tena kwa maringo kidogo, Mungu anisamehe. "Umekuja wenyewe, ukubwani."

Akaweka chuma chini. "Mama, mwanya hauji ukubwani. Meno yako yameachana kwa sababu yamekosa pa kushika."

Nitayaandika aliyonieleza, maana alinieleza kwa upole na nilimuuliza mengi kwa ukali. Kuna ule ukoga, utando mlaini ambao ulimi wausikia asubuhi. Usiposuguliwa wagandamana na jino na kuwa mgumu, mfano wa chokaa inayoganda ndani ya birika, na ukishafika hapo mswaki hauuwezi, wataka chuma cha daktari. Fizi yachukia, yavimba, yawa nyekundu, yatoka damu ukiigusa. Mpaka hapo mtu bado ana bahati. Meno yakisafishwa vizuri, na mwenyewe akashika mswaki mlaini asubuhi na kabla ya kulala, akapitisha na uzi baina ya meno, fizi hurudi kama zamani. Akipuuza, fizi yaachana na jino, pafanyika mfuko, uchafu washuka humo, na mfupa unaolishika jino walika polepole. Mfupa ukishalika, haurudi.

"Yote hayo bila kuuma?" nikamuuliza.

"Aghalabu bila kuuma, mama. Ndio ubaya wake. Lingekuuma ungekuja zamani."

Akaniambia damu si sababu ya kuuweka mswaki, ndiyo sababu ya kuushika vizuri. Kwamba maji ya chumvi ya vuguvugu yatuliza lakini hayaondoi kilichoganda, na mkaa wakwaruza jino bure. Aliniuliza kama nasikia kiu sana, kama naamka amka usiku kwenda msalani, kwa sababu mwenye sukari fizi zake hudhoofika upesi. Akanipima, alhamdulillahi, sina. Kisha akauliza habari ya tambuu, na kabla sijajibu akaona mwenyewe. Popoo, tumbaku, vyote viwili ni adui wa fizi na wa kinywa kizima, akasema, na hiyo chokaa huzidi kuzichokoza. Niache, nisirudie.

Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia nani alikuwa akinikunjia. Lakini nilipokuwa nimelala pale kwenye kiti, kinywa wazi, taa usoni, niliuona mkono wa Athmani ukija na lile jani, kucha zake zikinukia ndimu, na machozi yakanitoka yakaingia masikioni. Yule binti akadhani ameniumiza, akasimama.

Nikamuuliza lililokuwa limenikaa kooni: lau ningekuja ndani ya eda, meno haya yangepona?

"Si miezi hii, mama. Ni miaka."

Sijui kama alitaka kunipoza. Haikunipoza, kwa sababu miaka hiyo ndiyo miaka yangu mizuri.

Mengine aweza kuyaokoa. Atanichoma sindano ya ganzi, atakwangua chini ya fizi upande mmoja kwanza, upande mwingine siku nyingine, na leo ameshaanza. Hayo mawili hapana. Yameshikwa na nyama tu, chini yake muna usaha, na yakikaa yatayaambukiza ya jirani. Afadhali yatoke kesho. Baadaye fizi zikikauka, baada ya miezi, atanitengenezea ya bandia. Nikamuuliza, herufi zitarudi? Hakuelewa. Nikamsomea thaa, nikamwonyesha ulimi unapokaa. Alinitazama kwa makini sana, binti yule Mkristo, akajaribu mwenyewe, "tha, tha," akaona. Akasema huenda zikarudi, ulimi utajifunza upya, lakini si kwa mwezi huu.

Nimerudi kwa miguu kupitia Marikiti. Muuza tambuu akaniita, "Bi Rukia! Leo majani mateke, mabichi, njoo!" Nikampungia mkono nikapita. Kufika uchochoroni kwetu ndipo nilipogundua kuwa nimejifunika ushungi mpaka puani.

Maryamu alikuwa akipepeta mchele. Nikamwambia yote. Akaacha ungo.

"Ahirisha," akasema. "Si kitu kinachokuuma. Soma Ramadhani yako na meno yako, uyang'oe Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Watu watasema nini, mwalimu akae kibogoyo mbele ya misahafu?"

Na mimi nilitaka kuahirisha. Naliandika hili wazi: nilitaka sana. Njia nzima kutoka kwa daktari nilikuwa nikipiga hesabu hiyo hiyo. Mwezi mmoja tu, nisome kwa sauti ileile aliyokuwa akiisikiliza Athmani kutoka chumba cha pili, ambaye kila nilipomaliza juzuu alikohoa mara moja ili nijue yupo. Mwezi mmoja, halafu wayachukue. Niliingia darsani alasiri nikiwa nimeshakata shauri kumtumia daktari salamu kwamba siji.

Zuhura ndiye aliyesoma kwanza. Alipofika kwenye thaa alisita, akanitazama mdomo ili afuate, kama ninavyowafundisha: tazama mdomo wa mwalimu. Nikafungua kinywa, nikasita na mimi. Nikaogopa jino langu mwenyewe. Nikakaa hivyo, wanawake wote wananitazama, na hasira ikanipanda, sijui kwa nani.

Nikauinua mdomo wa juu kwa vidole viwili.

"Tazameni," nikawaambia. "Huu mwanya mliokuwa mkiusifu ni maradhi. Sogeeni muone."

Walisogea. Nikawaonyesha fizi ilivyorudi juu, nikalishika jino likatikisika. Kuna aliyesema "Lo!" kuna aliyefunika uso. Kisha nikawauliza, nani hapa hutoka damu apigapo mswaki? Nikauliza mara ya pili, kwa ile sauti yangu. Zuhura akainua mkono. Halafu mama mjamzito aliye mlangoni, akasema, "Mimi niliambiwa ni mimba tu." Halafu wengine, mmoja mmoja, nusu ya busati. Mmoja akasema hutoka damu tangu mwanawe wa kwanza, na mwanawe sasa anaoa. Mwingine akasema Ramadhani nzima hapigi mswaki kutwa kwa kuchelea kuimeza damu akafungua, na usiku husahau. Ya Rabi! Wote tulikuwa tunatema, wote tunakula tambuu, wote tunafunika midomo yetu kwa adabu.

Nimewaamuru waende. Sikuwashauri, nimewaamuru, kila mmoja aje aniambie amekwenda lini na ameambiwa nini, na asiyekwenda asije kwangu na herufi. Mwenye fizi ya kutoka damu leo ana meno yake bado. Nimewaambia hivyo mara tatu.

Baada ya kusema hayo, ningewaambiaje kwamba mimi mwenyewe naahirisha?

Ndipo nikamwambia Zuhura kuwa Ramadhani hii atasoma yeye, mahali pangu. Akashtuka. "Mimi, Mwalimu? Mimi wa kurudishwa kila siku?"

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Kaa hapa."

Akakaa hapa nilipokaa mimi, na kabla yangu mamangu. Akasoma. Thaa yake ikatoka safi, laini, mahali pake hasa. Wanawake wakashusha pumzi. Nami nilifurahi na nikaona wivu, vyote kwa pamoja, wivu mkubwa wa kitoto, mpaka nikajifanya natafuta miwani.

Walipoondoka nikasali, kisha nikaingia chumbani. Nikaketi upande wake wa kitanda. Kijaluba kiko pale pale kwenye dirisha dogo, sijakigusa tangu afe. Nikakifungua. Chokaa imekauka ikapasuka, na iliki mbili tatu zimebaki, bado zanukia. Nilikuwa nimepanga kukasirika. Nilijaribu, wallahi nilijaribu, kukikasirikia kile kikopo na ule mkono uliokuwa ukinilisha. Haikuja. Alikuwa akinipenda, na hakujua jani lile lanifanya nini. Nami nilikuwa nikipendwa, na sikujua. Nitalia tu, sina jingine.

Nikamsomea yale ninayomsomea kila magharibi, nikamwombea. Nilipomaliza nikasubiri, mjinga mimi, kile kikohozi.

Kisha likanijia jambo ambalo sikulifikiria kutwa nzima. Jina lake. Thaa imo katikati ya jina lake. Miaka yote hiyo nimemwita kwa herufi iliyonyooka, na wifi yangu Maryamu, ambaye chuo hakikumwingia, tangu utotoni amemwita nduguye "Asumani", na kila alipomwita hivyo mezani nikamrudisha, "Athmani, wifi, Athmani, toa ulimi," mpaka marehemu akawa anacheka na wali mdomoni.

Nikalitaja. Taratibu, kama ninavyomfundisha mtu: ncha ya ulimi, makali ya meno, pumzi. Jino likasogea lakini herufi ikatoka. Nikalitaja tena. Nikaendelea kulitaja, nalitoa lote, maana kesho litanitoka kwa upepo na mate.

"Wifi, waongea na nani?" Maryamu yuko mlangoni.

"Na nduguyo," nikamwambia. "Nalimaliza jina lake. Kesho sitaweza."

Nilidhani ataangua kilio chake. Hakulia. Alikuja akaketi kitandani upande wangu, mikono yake bado ina vumbi la mchele, akafunga kile kijaluba akakirudisha dirishani. Akasema kesho twatoka wote wawili kabla jua halijawa kali, na atanishika mkono pale kwenye kiti, daktari atake asitake.

Kisha akasema, "Na mpaka upone, nitakuwa nalitaja mimi."

Akalitaja. "Asumani," akasema.

Sikumrudisha.